Nyota Iliyoshika Usukani

Usiku wa tarehe 30 Septemba 1880, daktari Mmarekani Henry Draper aliielekeza darubini yake kwenye nebula ya Orion, akaiacha sahani ya kioo yenye dawa ipokee mwanga kwa dakika 51. Ilikuwa picha ya kwanza ya nebula kuwahi kupigwa. Wanaoisimulia habari hii huisifu lenzi ya inchi 11 iliyosuguliwa na mafundi wa Alvan Clark, wakaisifu na dawa mpya ya jelatini iliyopakwa kwenye kioo. Sifa hizo ni za haki, lakini zinaiacha nje kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote, yaani kuifanya nyota ibaki mahali pamoja juu ya kioo kwa karibu saa nzima ilhali dunia inazunguka. Gawanya digrii moja mara 3,600 upate sekunde moja ya tao. Anga hupita juu yetu kwa takriban sekunde 15 za tao kila sekunde moja ya saa, na nyota iliyopigwa picha vizuri haizidi upana wa sekunde chache za tao. Mtambo unaoizungusha darubini ukichelewa kwa theluthi ya sekunde tu, nyota imekwisha kurefuka. Hoja yangu ni kwamba upigaji picha wa anga za mbali haukuzaliwa na lenzi wala na kemia peke yake. Ulizaliwa watu walipoacha kusubiri mtambo usiokosea, wakajenga mtambo unaosahihishwa kila mara kwa kuitazama nyota. Nahodha wa jahazi hafungi usukani kwa kamba kisha akalala. Huitazama nyota, huona chombo kimepotoka, hukirudisha, na hufanya hivyo usiku kucha. Vifaa vya leo vinavyoiongoza darubini vyenyewe, ambavyo wengi huvihesabu kuwa uvumbuzi wa zama za kompyuta, ni mkono mpya juu ya usukani ule ule wa karne ya 19.

Mtambo wa saa wenyewe ulikuwa umekwisha kuwapo muda mrefu. Mwaka 1824 Joseph Fraunhofer alikamilisha darubini kubwa ya Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia. Aliipa mhimili mmoja ulio sambamba na mhimili wa dunia, na uzani ulioshuka polepole ukauzungusha mhimili huo kuelekea magharibi. Kwa mtazamaji wa macho ilitosha kabisa, maana jicho ni jepesi kusamehe: nyota ikitikisika, jicho huifuata bila mwenyewe kujua. Sahani ya picha haisamehe kitu, kwa kuwa hukusanya kila ilichoonyeshwa tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Udhaifu huo ulidhihirika Harvard mwezi Julai 1850, pale William Cranch Bond na mpiga picha John Adams Whipple walipoipiga Vega, nyota ya kwanza kupigwa picha ukiliacha Jua letu. Vega ni miongoni mwa nyota zinazong'aa kuliko zote, na bado ilihitaji kama sekunde 100. Mtambo wao ulikwenda kwa kushtukashtuka, na nyota hafifu hazikuwezekana; kazi hiyo ilikuja kushika kasi tena mwaka 1857, kwa mtambo ulioboreshwa na dawa ya kolodioni. Uingereza nako, Warren De la Rue alianza kupiga picha za Mwezi kwa kuisogeza darubini kwa mkono wake, akaiweka kazi kando mpaka alipopata mtambo wa saa. Kila mahali tatizo lilieleweka kwa namna moja, kwamba saa ni mbaya na dawa yake ni saa bora zaidi.

Yupo atakayepinga kwamba kilichobadili mambo ni kemia. Sahani ya kolodioni ilikuwa lazima itumike ikiwa bado mbichi, kabla haijakauka, na hiyo ni kazi ya dakika chache. Jelatini kavu, iliyopendekezwa na daktari Mwingereza Richard Leach Maddox mwaka 1871 na kuingia madukani kabla ya muongo huo kwisha, ilikubali kuachwa wazi kwa saa nyingi. Pingamizi hili lina nusu ya ukweli. Kemia ilifungua mlango wa saa nyingi, na papo hapo ikayafichua makosa ambayo dakika chache zilikuwa zimeyaficha. Parafujo inayozungusha gurudumu kubwa lenye meno haiwi sawa kabisa pande zote, kwa hiyo kila inapokamilisha mzunguko darubini huenda mbele kidogo kisha hubaki nyuma kidogo. Chuma hupinda kwa uzito wake darubini inapogeuka kutoka mashariki kwenda magharibi. Baridi ya usiku hukaza na kulegeza. Hata tukimpata fundi asiyekosea kamwe, anabaki na jambo lisilotibika kwa ufundi wa chuma: hewa hupinda mwanga wa nyota iliyo karibu na upeo wa macho zaidi kuliko wa nyota iliyo utosini, na kwa sababu hiyo nyota yenyewe haionekani ikienda kwa mwendo mmoja tangu kuchomoza hadi kutua. Saa kamilifu ingeifuata hesabu, na nyota ingeiacha. Hapo ndipo wazo la saa bora lilipofika ukingoni.

Aliyeuvuka ukingo huo kwa uwazi zaidi ni Andrew Ainslie Common, mhandisi wa mabomba na usafi wa majengo, aliyejenga darubini ya kioo cha inchi 36 kwenye bustani ya nyumba yake huko Ealing, magharibi mwa London. Tarehe 30 Januari 1883 aliipiga nebula ya Orion kwa dakika 37, na picha yake ikaonyesha nyota na mikunjo ya gesi ambayo macho ya wachoraji hayakuwa yameiona. Jumuiya ya Kifalme ya Falaki ilimpa medali ya dhahabu mwaka uliofuata. Kilichodumu zaidi ya medali ni kishikio cha sahani alichokibuni, chenye reli mbili zinazokatana kwa pembe mraba. Pembeni mwa sahani iliwekwa lenzi ya jicho yenye nyuzi za msalaba, na mpiga picha alichagua nyota iliyoangukia ukingo ule, akaiweka penye makutano ya nyuzi. Nyota ikihama, aliisogeza sahani yenyewe kwa skrubu mbili mpaka irudi, na darubini nzito hakuigusa. Tazama jinsi fikra ilivyogeuka: makosa ya mtambo, ya chuma na ya hewa yote yalikubaliwa kuwa yapo, kisha yakajumlishwa kuwa kosa moja linaloonekana, na hilo moja likafutwa. Mwenye kuongoza darubini hana haja ya kujua chanzo cha kosa ndipo alisahihishe.

Ushahidi mzito wa hoja hii ni maisha ya baadaye ya darubini ile ile. Common aliiuza kwa Edward Crossley mwaka 1885, na miaka kumi baadaye Crossley akaitoa zawadi kwa kituo cha Lick, juu ya mlima Hamilton huko California. Umbo lake liliwachosha wafanyakazi wa Lick. Lilikuwa zito, gumu kulitumia, na mtambo wake haukuaminika. James Keeler, mkurugenzi mpya aliyefika mwaka 1898, aliifanyia marekebisho, akaendelea kutumia kishikio cha Common, akakaa penye lenzi ya kuongozea usiku baada ya usiku. Alipofariki mwezi Agosti 1900 alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba nebula nyingi hafifu zina umbo la msokoto, na alikadiria kwamba chombo chake kingeweza kufikia nebula zipatazo 120,000. Msingi wa elimu ya galaksi uliwekwa kwa darubini ambayo wahandisi wa wakati ule wangeona haya kuihesabu kuwa yao. Ubora wa umbo la chuma ungekuwa ndio kiini, jambo hili lisingetokea.

Bara letu lina sehemu yake katika habari hii, na haitajwi inavyostahili. Mwaka 1882 nyota kubwa ya mkia ilionekana kusini, na David Gill, mkuu wa kituo cha Rasi ya Tumaini Jema (Cape), akamwita mpiga picha wa mtaa wa Mowbray aliyeitwa Allis aje na kamera yake ya kupigia picha za watu. Walichofanya ni kuifunga kamera ile juu ya darubini inayozunguka na anga. Darubini ikawa jicho la kuongozea tu. Gill aliitazama ile nyota ya mkia ndani yake na kuirudisha kila ilipokengeuka, wakati kamera ikikusanya mwanga, safari nyingine kwa zaidi ya saa mbili. Nyuma ya mkia zilijitokeza nyota nyingi ajabu, na Gill akang'amua kwamba anga zima linaweza kuhesabiwa kwa njia hii. Sahani alizopiga baadaye Cape zilipimwa na Jacobus Kapteyn mjini Groningen kwa miaka mingi, na orodha iliyochapishwa kati ya 1896 na 1900 ikawa na nyota 454,875. Lenzi ilikuwa ya kawaida. Uongozi haukuwa wa kawaida.

Picha za Gill ni moja ya sababu zilizowakutanisha wanafalaki mjini Paris mwezi Aprili 1887 kupanga ramani ya anga zima kwa picha. Ndugu wawili, Paul na Prosper Henry, walikuwa na jibu tayari: darubini mbili ndani ya bomba moja la pembe nne, moja ikiwa na lenzi ya sentimita 33 kwa ajili ya picha, nyingine ikiwa ya jicho la mwongozaji. Urefu wa chombo ulichaguliwa ili dakika moja ya tao iwe milimita moja juu ya sahani. Maana yake ni kwamba kosa la sekunde tatu za tao lilikuwa sehemu moja ya ishirini ya milimita, na mwongozaji alitakiwa asifike hapo. Vituo vya nchi nyingi, vikiwamo vya Algiers na Cape, viliingia katika kazi hiyo. Hapa pana jambo linalostahili kutuliwa. Common alichukua nyota ya kuongozea kutoka mwanga ule ule unaopiga picha. Ndugu wale wawili waliichukua kutoka darubini ya pili. Njia ya pili ni rahisi na hutoa nyota angavu nyingi za kuchagua, ila ina hatari moja: darubini mbili zikipinda tofauti, mwongozaji ataishika nyota yake kikamilifu huku picha ikiharibika bila yeye kuona. Ndiyo maana walizifungia katika bomba moja. Njia ya kwanza haina hatari hiyo, ila humlazimisha mtu kutafuta nyota kwenye ukingo mwembamba ambao pengine hauna kitu. Mpiga picha wa leo anayejiuliza kama anunue darubini ndogo ya kuongozea au kipande chenye kioo kidogo kinachochepusha mwanga pembeni mwa kamera anabishana nao bado, na majibu yake ni yale yale: darubini fupi yenye lenzi ndogo huvumilia njia ya pili, ndefu hudai ya kwanza.

Kwa zaidi ya nusu karne iliyofuata kiungo cha kuongozea kilikuwa mwili wa mtu. Edward Emerson Barnard alipiga picha za Njia ya Maziwa huko Lick, kisha kwa darubini ya Bruce ya kituo cha Yerkes, akiikazia macho nyota moja kwa saa nyingi bila kuondoka. Kitabu chake kikubwa cha picha hizo kilitoka mwaka 1927, miaka minne baada ya kifo chake. Milton Humason, aliyeanza kwa kuswaga nyumbu waliopandisha mizigo mlima Wilson na kisha akaajiriwa kufanya usafi kituoni, alikuja kuwa mwongozaji hodari kuliko wote. Ili kupata mwanga wa kutosha wa galaksi NGC 7619, aliishikilia kwa zaidi ya saa 30 zilizogawanywa katika usiku kadhaa, na kasi ya takriban kilomita 3,800 kwa sekunde aliyoitangaza mwaka 1929 ikawa nguzo muhimu ya hoja ya Edwin Hubble kuhusu ulimwengu unaotanuka. Katika kituo cha Palomar nako, waliokaa ndani ya darubini ya inchi 200 walivaa mavazi ya marubani yanayopashwa moto kwa umeme ili wasigande. Wapo wanaosema kwamba mashine ilipowaondoa watu hawa penye lenzi, ilichukua na roho ya fani. Nawaelewa, maana Humason aliifahamu galaksi ile kuliko anavyoifahamu yeyote anayeiona kwenye skrini. Hata hivyo hatupaswi kuchanganya mateso na maarifa. Kukaza shingo kwa saa sita katika baridi hakukumfanya Barnard kuwa Barnard. Kilichomfanya ni kujua usiku upi unafaa, nyota ipi ishikwe, na lini sahani ifungwe. Mambo hayo mashine haijayagusa.

Na mashine yenyewe ilikuja mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1937 Albert Whitford na Gerald Kron walichapisha maelezo ya kifaa kinachoiongoza darubini kwa umeme. Mwanga wa nyota uligawanywa sehemu mbili na kupelekwa kwa zamu kwenye seli inayogeuza mwanga kuwa mkondo wa umeme. Nusu moja ikizidi nyingine, nyota imehama, na mota ikairudisha. Mwaka 1948 Horace Babcock wa mlima Wilson alieleza kifaa chake, na miaka mitano baadaye akatoka na pendekezo la kusahihisha hata mtikisiko wa hewa wenyewe, mbegu ya vioo vinavyojikunja katika darubini kubwa za leo. Lakini vifaa hivi vilikuwa vikubwa, ghali na vyenye kudai nyota angavu, kwa hiyo watu binafsi waliendelea na nyuzi za msalaba zilizomulikwa kwa taa nyekundu hadi miaka ya themanini. Kitambuzi cha mwanga kilichobuniwa na Willard Boyle na George Smith katika maabara ya Bell mwaka 1969 ndicho kilichowafungulia. Mwishoni mwa miaka ya themanini kampuni ya SBIG ya California ilitoa kifaa kilichoitwa ST-4, chenye kitambuzi kidogo ajabu, chini ya pikseli 200 kila upande. Kilitoa amri nne tu kwa mota, yaani mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, na tundu la waya wake bado lipo kwenye vishikio vingi vya darubini vinavyouzwa leo. Baadaye programu ya PHD ya Craig Stark iliileta kazi hiyo kwenye kompyuta ya kawaida na kamera ndogo ya bei nafuu, na toleo lake la pili likawa mali ya wote, likitunzwa na wanaojitolea.

Ukiangalia kinachofanyika mtu anapofunga vifaa hivi jioni, utaona maamuzi ya Common yakirudiwa moja baada ya jingine. Kwanza programu huisukuma nyota magharibi, kisha mashariki, kisha kaskazini na kusini, ili ijue kamera imelala upande gani na kila msukumo una thamani gani. Mwongozaji wa zamani alijifunza jambo hilo vidoleni mwake kila alipobadili sahani. Halafu huja swali la muda wa kuitazama nyota kabla ya kusahihisha. Ukitazama kwa nusu sekunde utaukimbiza mtikisiko wa hewa, ambao si kosa la darubini, na utaiharibu picha kwa bidii yako mwenyewe. Ndiyo maana wengi hutumia sekunde mbili hadi nne, na huamuru programu isahihishe sehemu tu ya kosa inaloliona. Mhimili wa kaskazini na kusini una ulegevu wa meno ya gia, kwa hiyo hupewa amri chache, mara nyingi za upande mmoja. Yote haya ni busara ya mkono mtulivu. Huku kwetu karibu na ikweta limeongezwa jaribu la pekee: Nairobi na Dar es Salaam ncha ya mbingu, ambako mhimili wa darubini hupaswa kuelekea, imelala karibu na upeo wa macho, nyuma ya nyumba na vumbi, na vifaa vinavyoitafuta ncha kwa kuitazama havina pa kutazama. Linalosaidia ni njia ya zamani ya kuacha masahihisho na kuitazama nyota inavyokwenda: ikiwa juu kusini au kaskazini mwa mtazamaji huonyesha kosa la mhimili kwenda mashariki au magharibi, ikiwa upande wa mashariki huonyesha kosa la kuinuka au kuinama. Jicho la kuongozea, ambalo lilibuniwa kusahihisha, linageuka kuwa kipimo.

Limebaki pingamizi la siku hizi, nalo ni zito. Vitambuzi vipya vina kelele ndogo kiasi kwamba mtu anaweza kupiga picha mamia za sekunde chache chache na kuzijumlisha, na vishikio vya bei kubwa vina vipimo ndani ya mihimili vinavyojua mkao wake kwa usahihi mkubwa. Je, uongozaji haujapitwa na wakati? Sioni hivyo. Programu inayojumlisha picha fupi hutafuta nyota katika kila picha, hupima zimehama kiasi gani, na huirudisha picha mahali pake. Huko ni kusogeza sahani ya Common baada ya tukio badala ya wakati wa tukio. Vipimo vya mhimili navyo hujua kishikio kinaelekea wapi, wala havijui hewa imeipeleka nyota wapi, wala bomba limepinda kiasi gani. Anayepiga nebula kwa kichujio kinachopitisha rangi moja nyembamba ya hidrojeni bado huhitaji dakika nyingi kwa kila picha, kwa kuwa mwanga unaomfikia ni kidogo mno. Na soko lenyewe limekwenda upande wa pili. Vishikio vyepesi vinavyopendwa sasa, vyenye gia inayofanya kazi kwa kukunja chuma chembamba, havihitaji uzani wa kusawazisha na hubebwa kwa mkono mmoja, lakini kosa lao la mzunguko huweza kufikia makumi ya sekunde za tao. Wabunifu walikubali mtambo wenye kosa kubwa kuliko la vishikio vizuri vya zamani, kwa sababu walijua kila mnunuzi ataweka nyota ya kuuongoza.